Dirisha la paa limezeeka: ubadili kioo, ubadili dirisha zima, au urudishe la chuma?

Chumba chetu cha darini kina dirisha moja tu, nalo limekaa katikati ya mteremko wa paa la sleti, yale mabamba membamba ya mawe. Nyumba ni ya matofali mekundu hapa Leicester, Uingereza, ya zama za Malkia Victoria, imebanana na za majirani mtaa mzima, kama zilivyo nyumba za Waswahili wengi wa mji huu. Dirisha lilikuwa la mbao, la miaka ya 1980. Lilipoanza kudondosha maji juu ya kitanda cha mtoto, fundi wa kwanza alikuja na mrija wa silikoni, akapaka pande zote nne, akachukua ujira wake akaondoka. Majira ya baridi yalipofika, dari ilikuwa imeota ukungu mweusi na ubao wa jipsamu unabonyea kwa kidole. Ile silikoni ilikuwa imeyafungia maji ndani yasipate pa kutokea.

Tangu hapo nimekaa na jamaa kadhaa wenye tatizo hilo hilo, na swali huwa lile lile. Je, nibadili kioo tu? Nitie dirisha la kufanana na la zamani? Nichukue la kampuni nyingine? Au nirudishe la chuma kama lililokuwepo nyumba ilipojengwa? Nitaziweka njia hizo kando kwa kando, na msimamo wangu nautoa mapema: dirisha la bei kubwa lililozungukwa na sleti zilizopangwa vibaya litavuja, na dirisha la kawaida lililozungushiwa mabati yanayofaa litadumu miongo.

Kwanza, ni maji gani hayo?

Kabla ya kulinganisha chochote, jua maji yanatoka wapi, maana kila jibu lina tiba yake.

Ukiyakuta asubuhi ya baridi kali, mvua haikunyesha, nayo yameshika upande wa ndani wa kioo na kutiririka hadi kwenye mbao za chini, hilo ni jasho la kioo. Watu wamelala, wamepumua, pengine nguo zimeanikwa chumbani, na hewa yenye unyevu imekutana na kioo baridi. Dirisha jipya litapunguza jasho hilo, lakini kama umeziba kile kitundu cha hewa kilicho juu ya dirisha, litarudi. Ukiona ukungu katikati ya vioo viwili, usiofutika kwa ndani wala kwa nje, ujue muhuri wa kioo umekufa. Maji yanayodondoka wakati wa mvua, hasa kwenye kona za juu, hayo yanatoka kwenye paa.

Na hata hayo ya kona za juu, fungua dirisha kwanza utazame nyuma ya ukingo wake wa juu. Majani makavu na ukoga wa kijani hujikusanya pale mwaka hata mwaka, maji ya mteremkoni yakakosa njia, yakarudi nyuma chini ya sleti. Nimeona uvujaji uliomtesa mtu misimu miwili ukaisha kwa brashi na ndoo. Kama pako safi na bado panavuja, mtu mmoja akae ndani na tochi na mwingine anyunyize maji kwa mpira, aanze chini ya dirisha, apande kidogo kidogo. Ukianza juu hutajua maji yameingilia wapi.

Kubadili kioo, au dirisha zima

Hapa watu wengi hupoteza pesa kwa pande zote mbili: wengine wanang'oa dirisha zima kumbe kioo tu ndicho kibovu, na wengine wanaweka kioo kipya kwenye mbao zilizooza.

Chukua bisibisi uichome mbao ya chini ya ubawa, yaani ile sehemu inayofunguka, kwenye pembe zake mbili. Mbao hiyo ndiyo hulowa na jasho kila siku. Bisibisi ikigoma, mbao ni nzima: piga msasa, paka vanishi ya maji mara mbili au tatu, badili raba, agiza kioo kipya. Uzuri wa njia hii ni kwamba kwenye madirisha mengi yanayozunguka kwa bawaba za katikati, ubawa wote hutolewa na kuingizwa chumbani, ukalazwa juu ya meza, kioo kikabadilishwa hapo. Hakuna jukwaa la kupandia nje, sleti haziguswi, na jioni dirisha limesharudi mahali pake. Sharti ni watu wawili, kwa sababu ubawa wenye kioo ni mzito na ukikuponyoka unakwenda barabarani.

Bisibisi ikizama kama kwenye keki, acha. Kioo kipya hakitaokoa mbao iliyooza, na fremu iliyobaki juu ya paa huenda iko hivyo hivyo. Vilevile kama flashingi, yale mabati yanayolizunguka dirisha, yametoboka au yamepakwapakwa lami na silikoni, kubadili kioo ni kuahirisha.

Ipo pia hoja ya baridi. Upotevu wa joto hupimwa kwa kipimo cha U, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo dirisha linavyohifadhi joto zaidi. Kioo kimoja cha zamani huwa juu ya 5 kwa kukadiria, vioo viwili vya miaka ya 1980 huwa karibu na 3, na dirisha zima la kisasa la vioo viwili huwa karibu na 1.3. Kioo kipya kwenye fremu ya zamani kitakufikisha sehemu kubwa ya njia, ila pengo kati ya fremu na mbao za paa, ambalo zamani halikujazwa kitu, litabaki linapuliza.

Nikiulizwa nasema hivi: mbao nzima, flashingi nzima, badili kioo na usimsikilize anayekuambia vingine. Kimojawapo kikiwa kibovu, badili zima.

La kampuni ile ile, au jingine

Madirisha mengi ya namna hii katika mapaa ya Uingereza ni ya VELUX, kampuni ya Denmark iliyoanzishwa na Villum Kann Rasmussen mwaka 1941. Fungua dirisha utazame juu ya ubawa, utakuta kibati kidogo chenye herufi na namba. GGL ni aina yake: la mbao, linalozunguka katikati. Kinachofuata ni ukubwa. MK04 ni sentimita 78 kwa 98, CK02 ni 55 kwa 78, MK08 ni 78 kwa 140. Kabla ya herufi K kuingizwa mwaka 2013, MK04 iliandikwa M04, na kabla yake 304. Piga picha kibati hicho na umwonyeshe muuzaji, atakuambia ukubwa wa leo unaolingana nacho. Usipime kioo kwa utepe ukadhani umepata ukubwa wa dirisha, maana vipimo hivyo ni vya fremu kwa nje.

Faida ya kubaki na kampuni ile ile ni kwamba dirisha jipya linaingia kwenye tundu lile lile. Kenchi hazikatwi, na mara nyingi hata kingo za ndani za plasta huhitaji kurekebishwa kidogo tu. Ukienda kwa nyingine, kama FAKRO ya Poland au Keylite ya Ireland ya Kaskazini, utapata dirisha zuri, pengine kwa bei nafuu, na vipimo vyao vingi viko karibu na vya VELUX. Lakini karibu si sawasawa. Tofauti ya sentimita moja inakutosha kuvunja plasta yote ya ndani na kuita mpaka rangi.

Iko njia ya katikati ambayo wengi hawaijui. Roto, kampuni ya Ujerumani, hutengeneza madirisha ya kubadilishia kwa kipimo cha tundu lako, hata kama dirisha la zamani ni la kampuni nyingine. Bei iko juu na unasubiri kutengenezewa. Kama ndani umeweka mbao nzuri au marumaru ambazo hutaki ziguswe, hesabu inaweza kukurudishia. Kama ndani ni jipsamu na rangi nyeupe tu, sioni sababu.

Flashingi: hapa ndipo penye kazi

Nikuombe usome sehemu hii hata ukiruka nyingine zote.

Sleti ni bamba jembamba la jiwe. Zetu nyingi zilitoka kaskazini-magharibi mwa Wales, kwenye machimbo kama Penrhyn, eneo ambalo UNESCO ililiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2021. Saizi zake zilipewa majina ya mabibi wakubwa, Duchess, Countess, Lady, na Countess ndiyo ile ya inchi 20 kwa 10. Sleti hazishikani kwa mifereji kama vigae vya kisasa. Zinalaliana: kila safu inafunika ya chini yake, na mwisho wake unafikia hata ya tatu, hivyo kila mahali pana tabaka mbili au zaidi. Maji yanayopenya kwenye mwanya kati ya sleti mbili yanaangukia sleti iliyo chini, yanatawanyika pembeni, kisha yanateremka na kutokea tena juu ya paa.

Ni kule kutawanyika pembeni ndiko kunakoleta balaa dirishani. Maji yanayosambaa chini ya sleti ya mwisho yakikuta ukingo wa fremu, yanaingia kwenye mbao. Kwa hiyo flashingi ya sleti ina vipande vidogo vidogo vilivyokunjwa kama herufi L, kimoja kwa kila safu. Kila kipande kinalala chini ya sleti ya safu yake na juu ya sleti ya safu ya chini, na mkono wake wa pili unasimama kuegemea fremu. Maji yakifika hapo yanarudishwa juu ya sleti inayofuata, safu kwa safu, mpaka chini. Inafumwa pamoja na paa kama ukili wa mkeka.

Flashingi ya vigae vinene imeundwa vingine: ni mfereji mmoja mrefu kila upande. Kwa VELUX ya sleti ni EDL, kwa sleti zisizozidi unene wa milimita 8, na ya vigae vya mawimbi ni EDW. Zote mbili zinauzwa zimefungwa katika maboksi yanayofanana, na fundi mwenye haraka huchukua iliyopo dukani. EDW kwenye paa la sleti inaziinua sleti za pembeni, upepo unazichezea, zinapasuka, na mwaka wa pili unarudi kwenye ndoo. Mkataze kabisa.

Na usikubali flashingi ya zamani itumike tena. Utaambiwa bado ni nzima. Alumini iliyokaa miaka 35 ikikunjuliwa inachanika kwenye mikunjo, na hata isipochanika, umbo lake ni la fremu ya zamani.

Unene nao uupime mapema. Hapa Leicestershire zipo nyumba kongwe zenye sleti za Swithland, zilizochimbwa Charnwood mpaka mwaka 1887. Ni nene, hazilingani, na zinapungua ukubwa kadiri unavyopanda kuelekea mgongo wa paa. Milimita 8 za EDL hazitoshi kwake. Panahitaji mtu anayejua kukunja mabamba ya madini ya risasi kwa mkono. Scotland nako sleti hupigiliwa moja kwa moja kwenye mbao zilizofunika paa zima badala ya papi, hivyo fundi wa huko ana utaratibu wake.

Sleti zenyewe zitatolewa zile zilizo pembeni na juu ya dirisha. Fundi wa kweli ana chuma kirefu chembamba chenye ndoano ncha, anakipenyeza chini ya sleti na kukata misumari bila kuvunja jiwe. Ukimwona anang'oa kwa nyundo na patasi, msimamishe. Mwambie pia agonge kila sleti kwa kidole kabla ya kuirudisha: nzima inalia, mbovu inatoa sauti ya kufa. Misumari ya kurudishia iwe ya shaba. Kwenye nyumba zetu za zamani ile ya chuma imekwisha kwa kutu, na utakuta sleti nzuri kabisa zinateleza kwa sababu hazishikwi na kitu. Kama sehemu kubwa ya mteremko iko hivyo, subiri. Ezeka upya paa na dirisha kwa pamoja, usilipe jukwaa mara mbili.

La chuma, la kukaa sawa na paa

Nyumba hizi zilipojengwa, dirisha la paa lilikuwa la chuma cha kalibu: kioo kimoja, mhimili mwembamba katikati, na mkono wenye matundu wa kulishikilia wazi. Leo yanatengenezwa mapya ya chuma cha pua au chuma cha kawaida kwa sura hiyo hiyo, yenye vioo viwili na kizuizi cha baridi ndani ya fremu. Tofauti yake kubwa na la mbao ni kwamba linakaa sawa na sleti. La mbao la kawaida huinuka juu ya paa na kuonekana kama boksi.

Kwa uzuri nalipa ushindi la chuma, bila kusita. Kwa joto na kwa bei, la mbao lililofunikwa alumini linashinda. Kwa hiyo lichague la chuma pale sheria au nyumba inapolidai. Kwenye jengo lililoorodheshwa kama urithi, kubadili dirisha kwa namna inayogusa sura yake kunahitaji kibali, na kufanya bila kibali ni jinai chini ya sheria ya mwaka 1990. Mtu asikudanganye kwamba ni faini ndogo ya baraza la mji. Nyumba ya kawaida England huwa haihitaji kibali cha ujenzi kwa dirisha la paa, mradi lisichomoze zaidi ya milimita 150 kutoka kwenye mteremko. Ila ruhusa hiyo ni ya nyumba, haiwahusu walio kwenye fleti, na katika maeneo ya hifadhi baraza linaweza kuwa limeiondoa. Simu moja kwa ofisi ya mipango inakutosha. Ukiwa mpangaji, mwenye nyumba ndiye wa kupiga.

Machaguo madogo, haraka

Vioo vitatu au viwili? Kwa kile kipimo cha U, kutoka 3 kwenda 1.3 utaisikia tofauti usiku wa kwanza. Kutoka 1.3 kwenda 1.0 kwenye dirisha dogo utaitafuta. Sababu yangu ya kuchukua vitatu ingekuwa kelele: sisi tuliolelewa chini ya mabati tunausikia mvumo wa mvua kama wimbo wa kulalia, lakini mtoto aliyezaliwa hapa anashtuka. Kilicho cha lazima ni kioo cha ndani kiwe cha tabaka zilizogandishwa pamoja, kikivunjika kisimwagikie aliyelala.

Bafuni na jikoni chukua fremu nyeupe iliyofunikwa poliurethani, haihitaji vanishi wala haiozi kwa mvuke. Chumbani mbao ni nzuri na nafuu zaidi.

Joto la kiangazi usilidharau. Tarehe 19 Julai 2022 Coningsby, Lincolnshire, ilifika nyuzi 40.3, na darini kulikuwa hakukaliki. Pazia la nje, linalozuia jua kabla halijagusa kioo, linasaidia kuliko la ndani mara nyingi.

Na kama chumba hicho analala mtu, fikiria moto. Dirisha la kutorokea linatakiwa kufunguka angalau mita za mraba 0.33, upana na urefu usiopungua milimita 450, na ukingo wake wa chini usizidi milimita 1,100 kutoka sakafuni. La kuzunguka katikati hugawa uwazi wake kwa ubawa wake mwenyewe. Lenye bawaba za juu linafunguka lote. Hapo sitaki ubahili.

Kufanyia ndani, au kwa jukwaa

Kioo unabadilia ndani. Dirisha zima, sleti lazima zipangwe kwa nje, na anayekuambia atamaliza yote akiwa amejitokeza kifua kwenye tundu la dirisha atakuachia safu za juu bila kufumwa. Ngazi ya paa yenye ndoano ya kushika mgongo inafaa kwa ukaguzi. Kwa kazi yenyewe nataka jukwaa la mabomba, japo gharama yake yaweza kukaribia ya dirisha. Sleti yenye unyevu inateleza kama sabuni.

Mambo mawili ya kuuliza kabla mtu hajapanda. Je, kuna popo? Popo wote wa Uingereza wanalindwa kisheria, hujificha hasa chini ya sleti na risasi, na kuharibu maficho yao ni kosa. Na je, sleti hizo ni jiwe kweli? Zipo za bandia za saruji zinazofanana nazo, na za kabla ya mwaka 1999, asbesto ilipopigwa marufuku, zinaweza kuwa nayo. Ukiona kingo zilizonyooka mno na unene ule ule kila moja, usikate wala usitoboe mpaka ipimwe.

Katika makisio ya bei dai viandikwe vitu hivi kimoja kimoja: dirisha na herufi na namba za ukubwa wake, flashingi mpya ya sleti, kola ya kuzuia baridi kuzunguka fremu, kijifereji cha kuelekeza maji juu ya dirisha, idadi ya sleti za akiba, marekebisho ya plasta. Kazi hii iko chini ya kanuni za ujenzi, kwa hiyo uliza pia nani atakupa cheti, fundi aliyesajiliwa au baraza. Siku ya kuuza nyumba wakili wa mnunuzi atakitafuta. Makisio yanayosema tu "kubadili dirisha, kazi na vifaa" yarudishe.

Kingo za ndani zikiguswa, mwambie seremala ukingo wa juu aufanye wa usawa wa sakafu na wa chini ausimamishe wima. Hewa ya moto ya radieta iliyo chini ya dirisha itapita juu ya kioo chote na kulikausha jasho. Kingo zilizokatwa pembe mraba na mteremko, kama zilivyokuwa zangu, zinaacha hewa baridi imetuama kwenye pembe.

Sleti nzima zitakazobaki zipange wima darini, zikiegemea ukuta, kumi hivi. Za rangi na unene wa paa lako ni kazi kuzipata, na dhoruba ikichukua mbili, fundi atazikuta hapo hapo.